Tulijua, Tukanyamaza

Jioni moja Papa Mukubwa, kaka mkubwa wa baba yangu na rubani wa ndege za abiria hapa Lubumbashi, Kongo, alinipigia simu kutoka barabara ya Kasapa, akaniuliza nyumba yake iko upande gani. Amekaa mtaa wa Bel-Air miaka 31. Kesho yake alfajiri alikwenda uwanja wa ndege wa Luano, akawapakia abiria, akawapeleka Kalemie, zaidi ya kilomita 600.

Alikuwa na miaka 62 na karatasi zake zote zilikuwa safi. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinamruhusu rubani wa ndege za abiria afike 65 wakiwa marubani wawili. Akirusha peke yake, mwisho ni 60. Baada ya hapo hupimwa kila miezi 6. Naye alipimwa macho, masikio, presha na moyo. Daktari hakudanganya: moyo ulikuwa mzima. Ila kupima kumbukumbu si sharti la kila mara, na komanda, rubani mkuu mwenye miaka 35 kazini, hazungumzi ovyo mbele ya daktari kwa nusu saa.

Ugonjwa huu wa kupoteza kumbukumbu hujificha ndani ya mazoea. Mikono haisahau upesi. Kinachopotea kwanza ni kushika mambo mapya matatu kwa pamoja: mnara wa kuongozea ndege umebadilisha upande wa kutua, wingu limefunga mbele, taa ya onyo imewaka. Siku ya jua huoni kasoro yoyote. Na huku Katanga mvua hutushika tangu Novemba hadi Aprili.

Mama Mukubwa, mke wake, alijua; Papa alikuwa akisimulia habari ileile mara mbili kabla bukari, ugali wetu, haijapoa. Mimi nilijua. Rubani wa pili, kijana mdogo, alijua kutuzidi: baadaye aliniambia alikuwa akimnong'oneza masafa ya redio ili asimwaibishe. Mshahara ule ulilipa minervali, yaani karo ya shule, ya watoto 5, basi tukanyamaza. Nina hatia katika hili, na abiria wa Kalemie hawakujua lolote.

Tukitaja uchakavu wa anga letu, tunataja ndege kuukuu za Antonov, tunataja mashirika yetu ya ndege ya Kongo kufungiwa Ulaya tangu 2006. Kichwa cha rubani hatukitaji, kwa kuwa ni mzee na mzee hasemwi. Heshima ya namna hiyo naikataa.

Marekani walibishana kama waongeze umri wa mwisho wa marubani hadi 67. Mwaka 2024 sheria mpya ikaacha 65. Kwangu namba si kiini. Papa alikuwa bado na miaka 3 ya ruhusa, na wapo wa 64 ambao ningewakabidhi watoto wangu bila wasiwasi. Nataka rubani apimwe kumbukumbu akiwa na 50, ili baadaye alinganishwe na nafsi yake. Nataka rubani wa pili awe na mahali pa kusema bila kufukuzwa. Nataka pia anayeacha kurusha ndege apewe kazi ya ardhini, maana njaa ndiyo iliyotufunga midomo.

Mwishowe Mama Mukubwa alikwenda mwenyewe ofisini kwao, akasema yote. Papa alisimamishwa wiki ileile, bila malipo. Kiwanja chao kiliuzwa ili watoto wamalize mwaka wa shule.