Matumaini yangu ni mangapi? Ngoja kwanza dalali apite

Leo nimeulizwa nina matumaini kiasi gani. Siyo na shekhe wala mchungaji, na kijana mwenye tableti, saa nne asubuhi, hata foronya moja sijauza.

Niko Kariakoo, Narung'ombe huku, nauza mashuka, mataulo na mapazia. Kwenye bizinesi kadi nimeandikwa Mkurugenzi Mtendaji, msicheke, kwa aliyenichapia cheo kikubwa na cheo kidogo vilikuwa bei moja. Kampuni ina watu wawili, mimi na shemeji yangu, na shemeji alikuwa ameenda kunywa chai tangu saa mbili na nusu.

Kijana kaja, kitambulisho shingoni, akanipa shikamoo ile ya kuinama kidogo, nikajua huyu hanunui. Mnunuzi wa Kariakoo hakuamkii, anashika shuka anauliza hii shi ngapi huku miguu inaendelea na safari. Akasema mzee wangu, tunafanya utafiti wa imani ya wafanyabiashara wa Dar es Salaam kwa hali ya uchumi, ni dakika 10 tu na majibu yako ni siri. Siri! Anaitangaza siri kwa sauti ya mnadani, mlangoni kwangu, kasimama juu ya turubai la machinga.

Mimi ni mtu wa heshima, nikampa kiti. Kiti kiko kimoja, kwa hiyo Mkurugenzi nikasimama.

"Kwa kipimo cha moja mpaka tano, moja huna matumaini kabisa, tano una matumaini makubwa sana, unaionaje biashara yako miezi sita ijayo?"

Nataka kusema moja, jicho likaangukia kwa dalali wa mwenye nyumba. Duka la tatu pale, anakula muhogo, taya limesimama ili asikie vizuri. Mkataba wangu wa fremu unaisha mwezi ujao, na nyie mnajua kodi ya huku ni mwaka mzima mkononi, na nje kuna watu wameshika hela ya kilemba, ile ya kununulia nafasi ya fremu, wanasubiri mtu ateleze tu. Nikisema moja, saa kumi jioni kuna mtu anakuja kupima fremu yangu kwa futi kamba. Nikasema nne! Andika nne na nusu. Akasema nusu haipo mzee.

Kabla hajabonyeza likatokea shati jeupe limechomekewa, begi kwapani, linatembea pole pole linaangalia duka moja moja. Moyo ukapiga, huyu mtu wa TRA, wa kodi ya serikali. Hapa tumefunga maduka Mei 2023 mpaka Waziri Mkuu akaja Mnazi Mmoja kutusikiliza, tukafunga tena Juni 2024, kote tunalia kodi, halafu leo mimi nisimame mlangoni nitangaze mambo safi? Nikamwambia kijana futa, andika moja, hali mbaya, tunakula mtaji. Nikakohoa na kikohozi juu, sijui kwa nini, kama vile kuna msamaha wa kodi kwa wenye kifua. Shati jeupe likaingia duka la mbele likauliza soksi za harusi.

"Kwa hiyo moja, mzee?"

Ningesema ndiyo tungemaliza. Ila nyuma yake anakuja mama mmoja, simtaji, nina marobota yake matatu ya mashuka kwa mali kauli, hakuna karatasi wala shahidi, neno langu tu kwamba nikiuza nampelekea. Mama wa hivyo akisikia moja habishani na wewe, anaita vijana wa mkokoteni wanabeba mzigo wake. Nikapaza sauti: TANO! Mama akaniangalia, akaangalia marobota yake bado yamefungwa vile vile na kamba alizofunga yeye mwenyewe, akapita bila kusalimia.

Kijana wa watu jasho linamtoka. Kumbe ile tableti ukibadilisha jibu mara nyingi inarudi mwanzo, tukaanza upya jina la biashara, mtaa, jinsia ya mmiliki. Akaniangalia kuanzia ndevu mpaka viatu, akaniuliza, mzee wewe ni mwanaume au mwanamke? Nikamwambia weka tano.

Likaja swali la changamoto, chagua moja tu. Moja! Mzigo wangu nimeagiza China dola ikiwa 2,700 na kitu, nimeinunua kwa kubembeleza, umefika, umetoka bandarini, nimeupanga kwenye shelfu, dola ikashuka mpaka 2,400 na kitu. Redioni wakashangilia shilingi imeimarika. Imeimarika juu ya mgongo wangu, maana jirani kaleta shuka lile lile, ua lile lile, kwa dola ya sasa, na mteja anakuja ananiambia bro si dola imeshuka, punguza basi. Ilipokuwa inapanda mbona hamkuwahi kuniambia bro si dola imepanda, chukua na hii elfu mbili ya juu? Kijana akauliza, niweke "sarafu" au "ushindani"? Nikamwambia weka "jirani". Haipo.

Ushindani wa wageni, hilo nalo likaulizwa. Lilipotoka lile agizo la Julai 2025 la biashara 15 ambazo wageni wasifanye, mgeni mmoja wa kona ile akafunga, nikasema haya, wateja wake sasa ni wangu. Wakaja kweli. Wakaniuliza amehamia wapi.

Saa 24 je, unaonaje mpango wa kufanya biashara usiku? Mchana na jua lote hili mteja simuoni, usiku nitamtafuta na tochi?

Mikopo. Kijana akanisomea kwamba Julai 2025 Benki Kuu ilishusha riba yake kutoka asilimia 6 hadi 5.75, je imekusaidia? Nikamwomba arudie, tamu kuisikiliza. Riba ninayoijua mimi inaitwa kausha damu, asilimia 30 kwa mwezi, na inakuja yenyewe dukani kwa bodaboda, haisubiri mkutano wa kamati. Hiyo 5.75 haijawahi kupita Narung'ombe, labda foleni.

Akarudi kwenye lile la kwanza, eti limebaki wazi na bila hilo haiwezi kutuma. Matumaini, moja mpaka tano. Safari hii dalali kaondoka, mama kaondoka, tumebaki wawili, na nikaona kweli nimjibu mtoto wa watu. Nikamwambia sikiliza dogo, mimi kila asubuhi navuta hii shata juu kwa sababu nisipoivuta kodi inaendelea kuhesabu. Nina watoto watatu shule. Sijui kazi nyingine, na hata ningeijua nina miaka 47. Kuna siku nauza laki nne, kuna siku nauza foronya mbili na hela yote inaishia kwenye nauli na chakula, na siku hizo mbili asubuhi zake zinafanana kabisa. Hiyo ni namba gani kwenye hiyo mashine yako?

Akaniangalia kidogo. Akabonyeza tatu.

Nikadhani ndiyo tumeagana. Akasimama, akakunja kiti, akashika shuka la sita kwa sita la kijivu. "Mzee, hili shi ngapi?" Elfu 35. "Bei ya mwisho?" Mimi nikajua sasa angalau mtafiti ana mshahara, nikashuka mpaka 28. Akapapasa kitambaa, akalinusa, sijui watu wananusa nini kwenye shuka, akasema sisi tunalipwa kwa fomu, mpaka fomu zipitishwe, naweza kulichukua nikakuletea tarehe 15?

Yaani mtu wa uchumi anaomba mali kauli kwangu, na mimi mwenyewe naishi kwa mali kauli. Nikamuuliza una matumaini kiasi gani kwamba zitapitishwa, moja mpaka tano? Akacheka, hakujibu. Nikampa. Msiniulize.

Saa sita kasoro ndiyo shemeji anarudi, anachokoa meno, chai gani ina nyama. Kachelewa eti kwa mama ntilie kulikuwa na binti ana tableti anahoji wafanyabiashara. Nikamwambia wewe umehojiwa kama nani? Kama mmiliki, anasema, binti aliuliza biashara ya nani nikaona tusimchanganye. Na matumaini umesema ngapi? Tano. Biashara inapanuka, mwakani tunafungua tawi Mwanza.

Tawi Mwanza, halafu akaniomba buku mbili akalipie chapati, kaziacha deni. Na chapati zenyewe siku hizi mmeziona? Ukiinyanyua juu unamuona mama ntilie upande wa pili, nilimwambia juzi mama hii ni chapati au ni leso, akaniambia baba ngano
 imepanda, nikamwambia lakini si dola imeshuka…