Sukari ikishuka, mishipa haisahau haraka

Kiukweli siku hizi nachoka kusikia mtu anasema "sukari yangu iko poa, leo asubuhi ilikuwa 5.8" halafu stori inaishia hapo. Tunaujua wote ule mtindo wa kliniki, siku mbili tatu kabla mtu anaacha ugali anaacha soda anashindia mlenda na maji, akifika anatobolewa kidole, namba inatoka safi, nesi anampongeza, akirudi nyumbani maisha yale yale. Shangazi yangu aliendaga hivyo miaka, na macho yalianza ukungu wakati daftari lake la kliniki limejaa namba nzuri tupu.

Kinachonisumbua ni kolajeni, ile protini ya kujengea mwili, maana hata namba ikishuka yenyewe inabaki na alama za sukari kwenye mishipa. Wengi tumeizoea kwenye matangazo ya ngozi, ile poda ya kukoroga, kwa hiyo tunaona ikiwa nyingi ndo vizuri. Kwenye mshipa mdogo wa damu sio hivyo jamani. Ndani ya mshipa kuna safu moja ya seli, na hizo seli zimekaa juu ya utando mwembamba ambao zinaujenga zenyewe, sehemu kubwa kwa kolajeni ya aina ya nne pamoja na protini nyingine kama fibronektini. Utando huo unatakiwa ubaki mwembamba. Kwenye figo ni sehemu ya chujio lenyewe, ukinenepa na kuharibika protini zinaanza kuvujia kwenye mkojo.

Mwaka 1988 watafiti wa Boston, akina Enrico Cagliero, Sayon Roy na Mara Lorenzi, walitoa ripoti kwamba seli za mshipa wa kitovu cha binadamu zikikuzwa kwenye glukosi ya milimoli 30 kwa lita (damu ya mtu mzima kiafya akiwa hajala inacheza kwenye 5 hivi) zinaongeza utengenezaji wa kolajeni hiyo na fibronektini. 30 ni kubwa mno najua, ila wapo wanaofikishwa emajensi mashine imeandika HI tu imeshindwa kusoma. Halafu 1990 wakaja na kitu kizito zaidi, seli zikirudishwa kwenye sukari ya kawaida uzalishaji wa fibronektini ulibaki juu kwa vizazi kadhaa vya seli, yaani seli zilizozaliwa baadaye nazo zikawa zinafuata tabia ya zile zilizoonja sukari kali.

Na hiyo ni kolajeni mpya tu, ile ya zamani nayo ina mateso yake. Sukari inajibandika yenyewe kwenye protini, taratibu, na kwenye kolajeni mwisho wake nyuzi zinashikana zinakuwa ngumu na mwili unapata tabu kuzivunja. Kipimo cha HbA1c, ile tunaita sukari ya miezi mitatu, kinatumia jambo hilo hilo, sukari iliyojibandika kwenye himoglobini, protini iliyo ndani ya chembe nyekundu za damu. Tofauti ni kwamba chembe nyekundu ya damu inaishi kama siku 120 inakufa inakuja nyingine, wakati kolajeni inakaa miaka. Kwa hiyo HbA1c inaweza kuwa nzuri mwezi huu na ukuta wa mshipa bado umebeba ya miaka iliyopita.

Ukitaka kuona hili kwa watu na sio kwenye maabara angalia utafiti wa DCCT wa Marekani na Kanada, 1983 mpaka 1993, watu 1,441 wenye kisukari aina ya kwanza, kundi moja lilibanwa sukari mpaka HbA1c kama asilimia 7, lingine la matibabu ya kawaida likabaki kama 9. Walioanza bila tatizo la macho kwenye kundi la 7, hatari ya kulipata ilipungua kwa asilimia 76. Baada ya hapo makundi yote mawili yakaangukia karibu na 8, lakini wale wa kundi la 7 waliobanwa mapema wakaendelea kuwa na nafuu ya macho na figo kwa miaka mingi.

Sisemi mzee wa miaka 70 aliyekaa na sukari miaka kibao abanwe kwa nguvu, hapana, utafiti wa ACCORD, wa watu wenye kisukari aina ya pili, ulisimamisha ubanaji mkali wa sukari 2008 kwa sababu vifo viliongezeka kwenye kundi lililobanwa, na sukari ikishuka sana inaua haraka kuliko inayopanda. Hasira yangu iko kwa huyu wa miaka 35 aliyegundulika jana anaambiwa "bado ndogo hiyo, punguza tu chai ya sukari, tutaonana baada ya mwaka", wakati hii ndo miaka ambayo kubana kunalipa. Huyo apimwe HbA1c hata kama ndugu watachanga, apimwe mkojo kama una protini, akaangaliwe macho yale ya kuwekwa dawa ya kutanua mboni, na arudie kila mwaka hata kama haumwi popote.