Mzani Wenye Tumbo

Suruali nne nilizompa mdogo wangu mwezi wa kumi na mbili sikumpa kimyakimya kwenye mfuko kama watu wenye haya. Nilimwita sebuleni mke wangu akiwepo, nikazikunjua moja baada ya nyingine, nikaivaa ya mwisho na kuuvuta mkanda wa kiuno mbele ili kila mtu aone nafasi iliyobaki. Nikatamka kwa sauti ya mtu anayeaga kijiji: "Chukua, mdogo wangu. Mimi huko sirudi tena."

Nafasi ile ilitokana na kubana pumzi. Mke wangu alijua, akanistahi.

Nirudi nyuma kidogo. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja nilikuwa na kilo 94.2, na nikafanya uamuzi wa busara, ambao ndio pekee wa busara katika habari hii yote: nipungue polepole, nusu kilo kwa wiki, nianze kabla sikukuu za mwisho wa mwaka hazijafika, nisije nikaanza mwaka mpya nikiwa na deni la mwaka wa zamani. Kilo moja ya mafuta mwilini inakadiriwa kubeba kalori kama 7,700. Ukipunguza 550 kwa siku, wiki inaisha na nusu kilo imeondoka. Karatasini ni hesabu ya mtoto.

Nikaacha soda zangu mbili za kila siku, hapo kalori kama 280 zikaenda zao. Mke wangu naye akaanza kupima mafuta ya kupikia kwa kijiko badala ya kumimina kwa kukadiria. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori kama 120, na zamani kwenye sahani yangu sidhani kama vilikuwa chini ya vitatu. Nusu ya sahani ikawa mboga, robo nyama au maharage, robo wali. Sikulala na njaa hata siku moja. Kila asubuhi nikitoka msalani, kabla ya chai, napanda mzani, naandika kwenye daftari. Namba inapanda, inashuka, inapanda tena, mimi natazama wastani wa wiki tu. Wiki ya tano ikaisha nikiwa na 91.8. Haba na haba hujaza kibaba, na mimi changu kilikuwa kinapungua kwa mwendo uleule.

Mambo yangeishia hapo, ningekuwa mtu mwembamba kidogo asiye na hadithi. Tatizo ni zulia.

Wageni walikuwa wanakuja, kwa hiyo mke wangu akanunua zulia la bafuni. Si zulia la kujifutia miguu hili. Lilikuwa na manyoya marefu, laini, ukikanyaga unahisi unamkanyaga kondoo anayelala. Akalitandika, akaurudisha mzani juu yake, akaenda zake.

Asubuhi nikapanda. 87.1.

Nikashuka. Nikafuta kioo cha mzani kwa kidole. Nikapanda tena: 86.9. Nikatoka, nikafunga mlango, nikahesabu hadi kumi, nikarudi ghafla, kama mtu anayetaka kumfumania mwizi. 87.0. Kwa usiku mmoja nilikuwa nimepoteza karibu kilo tano.

Mtu mwenye akili timamu angejiuliza. Mimi nikatafuta sababu, na ukitafuta sababu ya jambo unalolipenda huikosi. Jioni yake nilikuwa na mafua, nikanywa maji ya uvuguvugu yenye limau. Najua limau haliyeyushi mafuta ya mtu, nilishasoma mara nyingi kwamba hakuna kinywaji chenye kazi hiyo, na mimi mwenyewe niliwahi kumcheka mtu kwa jambo hilohilo. Lakini ndiyo hivyo, mzani umesema, mimi ni nani nibishane na mzani?

Nikaupiga picha. Vidole vyangu vya miguu vikaonekana, namba ikaonekana, nikatuma kwenye kundi la simu la familia na maneno haya: "Kwa wanaohitaji ushauri, mlango uko wazi."

Walihitaji wasihitaji, waliupata. Shemeji yangu nilimpigia simu kumweleza habari za soda, akiwa kwenye foleni ya benki. Dada yangu nilimtumia maelezo ya limau, kipimo cha maji, hata saa ya kunywa. Shangazi ndiye pekee aliyeniharibia. Alipita nyumbani, akanizunguka kama anayenunua ng'ombe, akasema, "Mbona naona uko vilevile?"

"Shangazi, yanaanza kutoka ya ndani."

"Ya ndani?"

"Ya ndani kabisa."

Akanitazama kwa muda, akaomba chai.

Ndani ya wiki hiyo ndipo nilipogawa suruali. Na nikanunua moja mpya, ya kijani iliyokolea, kiuno namba 34, mimi niliyekuwa navaa 38. Nilipoijaribu dukani muuzaji aliniuliza kama ni ya kwangu au ya kijana wangu. Kuivaa kulikuwa na utaratibu wake: unalala chali kitandani, unatoa pumzi yote, unafunga kifungo, unasubiri macho yatulie, ndipo unasimama. Nilijiambia kitambaa kitalegea.

Sasa, mtu aliyeshuka hadi 87 anastahili zawadi, au siyo? Nilikuwa na akiba ya kilo tano. Biskuti zikipita kazini nachukua mbili, tena mbili za kuwaonea huruma zile zilizobaki. Soda zikarudi kwa sababu ni sikukuu. Kijiko cha mafuta sijui kilikwenda wapi. Daftari nikaliacha, nikawa nachungulia mzani mara mojamoja: 87.9, 88.6. Nasema, bado niko mbali. Nikapata hata utafiti wa kunituliza, wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2000. Watu wazima 195 walifuatiliwa, na katika msimu wa sikukuu, tangu katikati ya Novemba hadi katikati ya Januari, waliongezeka wastani wa kilo 0.37 tu. Nikamsomea mke wangu kwa sauti. "Unaona? Watu wanaogopa bure." Akaniuliza kama nimesoma hadi mwisho. Mwishoni imeandikwa kwamba hako kadogo hakakutoka hata miezi ya mbele. Mwaka unaofuata unakaongezea kenzake. Lakini mimi nilikuwa nimeshafunga ukurasa.

Siku ya sikukuu yenyewe tulikuwa watu ishirini na watatu nyumbani. Meza mbili zimeunganishwa, chakula kimejipanga tangu mwanzo hadi mwisho: wali, viazi vya kukaanga, nyama za aina tatu, keki imefunikwa pembeni kama bibi harusi. Na bakuli moja kubwa la mboga za majani ambalo, ukitaka ukweli, lilikuwa la kupamba meza. Mdogo wangu alikaa upande wa pili na ile suruali yangu ya kijivu. Nikaona imemkaa vizuri, vizuri kupita kiasi kwa mtu mwembamba kama yeye, lakini sikulitilia maanani.

Mimi nilikaa karibu na mama mkwe wangu, nimenyooka kama mlingoti. Watu wakasifu heshima yangu. Haikuwa heshima. Suruali ile haikukubali nikunjike.

Na hapo, kwa kinywa changu, nikaanza somo. Nikawaeleza wote kwamba mtu ale taratibu, kwa kuwa tumbo huchukua kama dakika 20 kuufikishia ubongo habari za shibe. Nilikuwa nalieleza hili nikiwa kwenye sahani ya pili, dakika ya kumi na mbili. Mama mkwe akaniongezea nyama, "Kula, baba, umekonda." Ndiye mtu wa kwanza kuniambia nimekonda tangu nianze, ningekataaje?

Kifungo kilianza kuniaga kabla ya wengine kujua. Nilikihisi. Uzi mmoja ulikatika, mlio mdogo kama wa kiberiti kilicholowana. Nikaacha kutafuna. Uzi wa pili ukavutika taratibu, ukasita, ukavutika tena, na mimi nimeshika uma hewani namwomba Mungu kwa jina la uzi. Shemeji akasema jambo la kuchekesha. Nikacheka.

Kifungo kiliruka juu ya wali, kikaikosa jagi, kikatua katikati ya lile bakuli la mboga. Meza nzima ikakifuata kwa macho. "Hilo nini?" akauliza dada yangu. Na kwa kuwa nilitaka kumaliza jambo haraka, kabla mtu hajachota, nikainuka, nikainama mbele juu ya meza kukitoa.

Sauti ya kitambaa kinachopasuka inaeleweka katika lugha zote. Hii ilianzia kiunoni ikashuka bila haraka, kama mtu anayefungua zipu ya hema. Wanasema nyani haoni kundule, nami kweli sikuliona. Waliokaa nyuma yangu, ambao niliwahubiria kwa simu mwezi mzima, waliliona. Mama mkwe akageukia dirishani kama aliyeitwa na mtu huko nje. Shangazi hakugeuka. Shangazi alisema tu, "Ya ndani yameanza kutoka."

Mke wangu ndiye aliyeniokoa. Alitokea jikoni na aproni, akanifunga kinyumenyume, kitambaa nyuma, kamba mbele, akanisukuma kuelekea korido. Sikwenda chumbani. Nilikwenda bafuni moja kwa moja, maana nilikuwa na kesi na mzani. 89.7, ulisema. Kwa 89.7 suruali ya 34 inapasukaje?

Mpwa wangu wa miaka tisa alikuwa amenifuata, labda kuona kama kuna kingine kitakachopasuka. Akachuchumaa mlangoni, shavu karibu na sakafu, akatazama chini ya mzani kwa muda mrefu.

"Mjomba, mzani wako una tumbo."

"Nini?"

"Tumbo lake limelala kwenye zulia. Miguu yake imezama."

Nikapiga magoti, kwa uangalifu kwa sababu ya aproni. Mzani ulikuwa na viguu vinne vidogo, na kwenye mizani ya aina hii vipimo viko kwenye viguu hivyo. Vyote vinne vilikuwa vimezama ndani ya manyoya, ubapa wa chini umelalia zulia, kwa hiyo nikipanda, sehemu ya uzito wangu inapita kwenye tumbo la mzani na kwenda zake ardhini bila kuhesabiwa na mtu. Mwezi mzima nilikuwa namshukuru limau, kumbe wa kushukuriwa ni kondoo.

Mtoto akauvuta hadi kwenye vigae. Nikapanda. Nikafumba macho. Akanisomea kwa sauti ya kusoma darasani: "Tisini na nne nukta sifuri." Kisha, kwa kuwa ni mtoto na hana huruma, akauliza, "Mjomba, kwenye kundi si ulisema themanini na saba?"

Baadaye nilitulia, nikarudi kwenye daftari, na baada ya siku tatu za chakula cha kawaida mzani, ukiwa kwenye vigae, ulisema 92.7. Sikuwa nimetengeneza kilo mbili za mafuta kwa siku chache. Chakula chenyewe kina uzito wake kikiwa bado tumboni, chumvi nyingi hushikilia maji, na wanga ambao mwili unauweka akiba, kila gramu yake huwekwa pamoja na gramu kama tatu za maji. Hayo yakatoka yenyewe. Ile karibu kilo moja iliyobaki ilikuwa yangu halali, nimeitafuta kwa biskuti, na ilinichukua karibu wiki mbili kuirudisha ilikotoka, kwa mwendo uleule wa zamani. Zulia sasa liko chini ya kitanda.

Lakini siku ile nilikuwa bado na saa tano za sikukuu na sina suruali. Mwanamume aliyefungwa aproni hana pa kwenda zaidi ya jikoni. Nikaosha vyombo vya watu ishirini na watatu, mgongo nimeuegemeza ukutani kila mtu alipoingia, nageuka kama kaa. Keki ilikatwa, ikapita mbele yangu ikienda, masahani yake yakarudi yakiwa matupu, sikuonja hata kipande. Mikono ilikuwa na povu. Katika siku zote za msimu ule, hiyo ndiyo siku niliyokula kwa kiasi kuanzia saa tisa mchana.

Jioni, wageni walipopungua, nikamvizia mdogo wangu barazani.

"Mdogo wangu," nikaanza kwa sauti ya upole sana. "Zile suruali..."

Akajua. Akaanza kujisugua goti, kwenye kitambaa changu cha kijivu.

"Kaka, zote nne nimeshazipeleka kwa fundi. Kazibana kiuno, kakata na miguu." Akanitazama kama anayeomba radhi. "Si ulisema huko hurudi?"

Nikakaza kamba ya aproni. Tukakaa kimya kidogo.

"Na vile vitambaa alivyokata," nikauliza, "fundi bado anavyo?"