Bedford ya mzee na fundi wa Noah

Bedford RL ni lori la jeshi la Uingereza la miaka ya 1950: pistoni sita, lita 4.9, linavuta kwa magurudumu yote manne, na linabugia petroli kana kwamba lina ugomvi na mwenyewe. Mzee mmoja wa hapa Tabora analo, analibebea mapipa ya asali kutoka Sikonge. Siku hiyo silinda ya breki ya nyuma kushoto ilikuwa inavuja, akaliingiza gereji ya karibu. Ndiyo yetu, chini ya miembe, ambako gari kubwa tulilozoea ni Noah.

"Shikamoo mzee," fundi mkuu akasema. "Wewe kaa pembeni, hii tuachie wataalamu."

"Marahaba. Ila hilo gurudumu la kushoto..."

"Mzee, pembeni."

Mzee akakaa juu ya dumu, akaagiza kahawa na kashata.

Mimi ni fundi umeme. Nilikuwa juu ya bodi nafuatilia waya wa taa ya nyuma, kwa hiyo niliona sinema yote bila kulipa.

Fundi akatega spana, akavuta kwenda kushoto. Nati haikujali. Akailowesha dizeli. Akavalisha spana bomba la mita moja na nusu. Wapi! "Kutu ya kizungu hii," akasema, akawaita mafundi rangi wawili na kijana muuza maji. Wakalining'inia bomba wote wanne. Likaanza kupinda, halafu tukasikia ko! Stadi, ile bolti inayoshika nati ya gurudumu, imekatika. Muuza maji tukamwokota kwenye madumu yake.

Mzee akameza funda la kahawa. "Hiyo umeikaza vizuri."

Stadi za magurudumu ya kushoto ya Bedford zina uzi wa kinyume. Nati zake zinafunguliwa kwa kuzungushwa kulia, ili gurudumu linapokwenda mbele lisizilegeze. Mafundi wa Fuso za zamani hili wanalijua hata usingizini. Wetu alikuwa na njia moja tu ya kulijua, nayo ni kufuta tope: kwenye ncha ya kila stadi ilikuwepo herufi L, yaani "left", kushoto.

Basi akageuza mkono, na nati ya pili ikaachia kwa spana tupu, bila bomba. Raha ikampanda kichwani. Akamaliza mduara wa ndani wa nati wote akipiga mluzi, akahamia mduara wa nje.

Hapo ndipo mzee aliporuka. Kikombe kule, kashata kule. Akatoa sauti ambayo sikujua kama bado anayo: "MGUU SAWA!"

Fundi wetu alipitia JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Visigino vikagongana, kifua mbele, spana begani kama bunduki. Bodaboda aliyekuwa anapita naye akafunga breki.

Mzee akachomoa kisu, akakwangua ile rangi ya kijani aliyopaka aliyemuuzia. Chini yake nati za mduara wa nje zilikuwa nyekundu. Rimu za aina hii ni vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa nati hizo, tairi likiwa katikati. Ukizifungua tairi lina upepo, kipande cha nje kinafyatuka na kukuondoa kichwa. Gurudumu linatolewa kwa nati za ndani peke yake. Ukitaka kufungua rimu, litoe kwanza kwenye gari, toa kijipini cha ndani ya valvu, subiri upepo wote uishe, kisha pitisha waya kwenye tundu uhakikishe halijaziba. Ndipo uguse nyekundu.

Zilizobaki zilikuwa kazi za kawaida. Silinda mpya, kisha kutoa hewa kwenye breki kuanzia gurudumu la mbali kabisa na pampu. Stadi ndiyo iliyotusumbua. Mkereza vyuma alituchongea nzuri, inang'aa, na uzi wake wa kulia. Tulipokuwa tunabishana nani alimpa maelekezo, mzee akaingia kabini, akatoka na kopo la maziwa ya unga lililojaa stadi za Bedford, za kushoto mfuko wake, za kulia mfuko wake.

"Mzee, mbona hukusema?"

"Niliambiwa nikae pembeni."

Tukagonga iliyokatika ikatoka, tukaingiza yake, tukarudisha gurudumu na kukaza nati kwa kuvusha, ya juu kisha ya chini, si kwa kufuatana. Nikamkumbusha akifika Sikonge azikaze tena, maana stadi mpya hulegea kidogo ikishabeba mzigo. Akanitazama bila kujibu, nikarudi kwenye waya zangu.

Bili ilipoletwa aliisoma taratibu. Akakata hela ya mkereza vyuma, akakata kahawa iliyomwagika, kisha akauliza kwa nini ametozwa ufundi wa kufungua nati ambayo asubuhi nzima tulikuwa tunaikaza.