Herufi nne za mwanzo zinatosha kumfuta mwanachama?

Chukua daftari la ushirika wa wafugaji wa maziwa hapa Tanga, lililounganishwa kwenye Excel kutoka vituo vya Pongwe, Muheza na Mkinga. Mtu mmoja kaandikwa Ramadhani huku, Ramadhan kule, na Ramadan kwenye orodha ya malipo. Amri ya kuondoa marudio haimwoni kuwa ni mmoja, kwa sababu inalinganisha seli nzima. Ukikata herufi nne za mwanzo za jina kwa =LEFT(B2,4), wote watatu wanabaki "Rama", na marudio yanajitokeza.

Wanaoitetea njia hii wana hoja nzito. Daftari lenye marudio humlipa mtu mara mbili, na kusoma maelfu ya mistari kwa macho kunachosha hadi makosa yapite. Kwenye namba za simu, kukata kunafaa kabisa: iwe imeanza na 0, na +255 au bila chochote, tarakimu tisa za mwisho hazibadiliki. Ila ondoa nafasi kwanza: =RIGHT(SUBSTITUTE(D2," ",""),9). Ukiacha nafasi, "0700 000 123" inakupa "0 000 123", na ufunguo, yaani kipande cha kulinganishia, umeharibika. Namba zilizonakiliwa kutoka tovuti huwa na nafasi ya aina nyingine, CHAR(160), ambayo hata TRIM, fomula ya kuondoa nafasi za ziada, haiigusi. Nayo iondolewe kwa SUBSTITUTE.

Tatizo ni majina yetu ya pwani. Herufi nne, hata tano, zinawafanya Mwanaidi, Mwanajuma, Mwanahamisi na Mwanakombo kuwa mtu mmoja: "Mwana". Ukiongeza hadi saba wanatengana, lakini hapo "Ramadha" na "Ramadan" nao wanatengana. Athumani na Othman hawakutani kwa urefu wowote. Hakuna idadi ya herufi inayowatosha wote, na anayetafuta idadi hiyo anapoteza siku yake.

Kuunganisha simu na jina kunasaidia, lakini si tiba. Mama na shangazi hutumia simu ya kijana mmoja wa nyumbani, na kama ni Mwanaidi na Mwanajuma, ufunguo wao ni uleule. Marudio yaliyobaki unaweza kuyarekebisha mwezi ujao. Aliyefutwa kimakosa atajua siku ya malipo, lita zake zikiwa hazipo.

Kwa hiyo kipande kifupi kitumike kushuku tu. Weka ufunguo kwenye safu ya G, kisha =COUNTIF(G:G,G2)>1, inayoonyesha ufunguo uliojirudia, na waliojitokeza waangaliwe mmoja mmoja. Kufuta kusubiri namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ilingane yote, tarakimu 20. Tarakimu nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa tu, wala haziwezi kumtambulisha mtu.

Hapo nako pana mtego. Excel hutunza tarakimu 15 za namba. Zinazofuata inazigeuza sifuri. Safu ya NIDA, tuseme F, iwekwe kuwa maandishi kabla ya kuandika. Hata hivyo COUNTIF bado huisoma kama namba na kulinganisha 15 za mwanzo, basi tengeneza safu ya ="N"&F2 na uhesabu hiyo. Mwishowe, amri ya kuondoa marudio hubakiza mstari wa juu: panga tarehe mpya juu, na lita za mstari wa chini zijumlishwe kwanza kabla haujatoweka.