Ngoma ya kupumzisha ianzie miguuni

Vikundi vya kupiga ngoma kwa mikono ili kutuliza akili vimeenea sana siku hizi. Watu huketi duara, kila mmoja na ngoma yake kati ya magoti, mwongozaji anaanzisha mdundo na wengine wanaudaka. Naupenda mtindo huu na mwenyewe nimo. Kinachonikera ni namna vipindi vingi vinavyoendeshwa: vinaanza polepole na kuishia mbio. Watu wanatoka jasho, wanashangilia, kisha wanaambiana kwamba wamepumzika. Mimi naona wamechangamka. Kuchangamka ni kuzuri, lakini tangazo lilisema kupumzika.

Mbio zenyewe haziletwi na ukaidi wa mtu. Watafiti wamelipima jambo hili: watu wakigonga mdundo pamoja bila kifaa cha kuwashikia mwendo, kasi hupanda taratibu, tena hupanda kuliko mtu anapogonga peke yake. Maelezo yanayoniingia akilini ni kwamba kila mmoja huwa mwepesi kumkimbilia aliyemtangulia kidogo, na mzito kumngoja aliyebaki nyuma. Kasi ikipanda, mikono inaongeza nguvu. Mikono ikiongeza nguvu, husikii tena ngoma yako, basi nawe unapiga zaidi. Wahenga walituachia kwamba ngoma ikilia sana haikawii kupasuka, ila hizi za kisasa zilizowambwa kwa plastiki hazipasuki upesi, kwa hiyo hatuna tena wa kutuonya.

Wapo waongozaji wanaojaribu kuzuia hali hiyo kwa kupunga mikono na kuomba watu wapunguze mwendo. Inasaidia kwa muda mfupi tu. Nionavyo, tiba iko miguuni, na ndiyo maana siwaelewi wanaoyafanya mazoezi mepesi ya mwili kuwa kiburudisho cha dakika za mwisho, au wanaoyaacha kabisa kwa sababu muda umekwisha.

Kiganja ni chepesi. Unaweza kukiharakisha mara mbili zaidi na mwili usitambue. Uzito wa mwili mzima hauharakishwi hivyo. Simama, achanisha miguu kwa upana wa mabega, legeza magoti, kisha hamisha uzito kutoka mguu wa kushoto kwenda wa kulia na kurudi. Ukijaribu kukimbiza mwendo huo, utajua papo hapo: nyonga zinagoma, kichwa kinayumba. Mwendo wa kawaida wa kutembea ni kama hatua 100 hadi 120 kwa dakika, lakini kuhamisha uzito bila kutembea kunakaa vizuri kwenye takriban nusu ya hapo. Mdundo ukitokea kwenye uzito huo, mikono inakuwa na bwana wa kumtii.

Kwa hiyo kipindi ninachokipendekeza kinaanza watu wakiwa wamesimama, na hakuna anayegusa ngoma. Wanayumba. Mabega yanashuka yenyewe, huna haja ya kumwambia mtu ashushe mabega. Baada ya hapo pumzi inaletwa juu ya mwendo huo. Tuseme mwendo ni mapigo 60 kwa dakika: vuta hewa kwa mapigo 4, itoe kwa mapigo 6. Ukifanya hesabu, hizo ni pumzi 6 kwa dakika, kiwango kilekile kinachotumika sana katika mazoezi ya kupumua polepole, kwa sababu hapo moyo huongeza na kupunguza kasi yake sambamba na hewa inavyoingia na kutoka. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi 12 hadi 20 hivi kwa dakika, kwa hiyo si ajabu wageni wakaona ni polepole mno. Anayesikia kizunguzungu aache kuhesabu, apumue anavyopumua siku zote, aendelee kuyumba.

Kisha ndipo watu waketi na kuchukua ngoma, lakini visigino viendelee kupokezana sakafuni. Hili ndilo ninalolishikilia kuliko yote. Visigino vikinyamaza, haichukui muda mrefu mbio zikaanza.

Mikono nayo haitaki mengi. Kiganja kizima katikati ya ngozi kinatoa mvumo mzito. Vidole karibu na ukingo vinatoa sauti ya juu inayolia. Hizo mbili zinatosha kabisa. Lile kofi kali ambalo wapigaji wa djembe, ngoma ya Afrika Magharibi yenye umbo la kikombe, huwa nalo ni zuri kwenye jukwaa, lakini kwenye kazi hii humshtua jirani. Acha mkono udunde kutoka kwenye ngozi, usiukandamize. Vua pete. Ngoma inayosimama sakafuni na iliyo wazi upande wa chini iinamishwe kidogo mbele ili sauti ipate pa kutokea. Kiganja kikiuma, usifikiri kwamba unahitaji sugu. Unapiga kwa nguvu mno.

Na masikio, jamani! Duara la ngoma ndani ya chumba linaweza kupita desibeli 100 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) bila mtu kukusudia. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inashauri kiwango kisizidi desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo unakatwa nusu. Kwenye 100 umebakiwa na dakika 15 tu. Mtu aliyekuja kutuliza neva zake asirudi nyumbani masikio yakimlia. Njia rahisi ya kupima ni hii: kama humsikii anayezungumza kwa sauti ya kawaida ukiwa umeketi karibu naye, mmepita kiasi.

Wenye mashaka huniuliza kama kuna ushahidi wowote nje ya maneno ya wapenzi wa ngoma. Upo, ila usikuzwe. Mwaka 2016 jarida la PLOS ONE lilichapisha utafiti uliofanyika London: watumiaji 31 wa huduma za afya ya akili walipiga djembe kwa kikundi, mara moja kwa wiki kwa dakika 90, kwa wiki 10. Dalili za sonona zilipungua kwa asilimia 38 na za wasiwasi kwa asilimia 20, na nafuu hiyo ilikuwa bado ipo miezi mitatu baadaye. Lakini kikundi cha kulinganishia kilikuwa kidogo zaidi, na watu hawakugawanywa kwa bahati nasibu. Anayekuambia ngoma inachukua nafasi ya daktari au ya dawa zako, mwondokee.

Utafiti unaonivutia zaidi hauna hata ngoma ya kiganja ndani yake. Mwaka 2015 watafiti wa Oxford walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya Brazil na vijana 264. Baadhi walicheza wakiwa wamesimama, kwa nguvu. Wengine waliketi wakafanya ishara ndogo za mikono. Kisha walipimwa uwezo wa kustahimili maumivu, kwa kubanwa mkono na kile kitambaa cha kupimia shinikizo la damu. Nguvu ilisaidia, lakini kusogea sambamba na wenzao nako kulisaidia kwa nafasi yake, hata kwa wale walioketi wakisogeza mikono kidogo tu. Maana yake mimi naisoma hivi: faida ya kuwa kikundi haidai jasho. Aliye kwenye kiti cha magurudumu, mzee mwenye magoti mabovu, mjamzito aliyechoka, wote wanaipata kwa kuyumbisha kiwiliwili wakiwa wamekaa, almradi wanayumba na wenzao.

Najua jibu nitakalopewa, maana nimeshapewa mara nyingi: polepole inachosha. Ni kweli, dakika za mwanzo zinachosha. Mikono inawasha, mtu anatamani kujaza kila nafasi iliyo wazi kati ya pigo na pigo. Mwongozaji asiogope kipindi hicho, wala asikimbilie kukiokoa kwa mdundo mpya. Mara nyingi baada ya hapo ndipo watu huanza kusikiana. Unamwona mmoja ameacha kupiga kabisa, anasikiliza, anarudi taratibu.

Wanaotaka kasi nao wana haki yao. Kipindi cha kasi kipewe siku yake na jina lake, na anayekuja ili usiku apate usingizi aambiwe mapema kwamba siku hiyo si yake.