Pikipiki Kuukuu ya Kiitaliano: Rangi ya Kiwandani au Rangi ya Mwenyewe?

Moto Guzzi ya miaka ya 1980 haihitaji rangi ili ionekane Dar es Salaam. Isimame tu kwenye taa za Morocco katikati ya Boxer na TVS, silinda zake mbili zimechomoza kushoto na kulia, na kabla ya taa kuwa kijani bodaboda mmoja atakuwa ameshauliza inatoka nchi gani, na mwingine inakula lita ngapi. Kwa hiyo mwenye chombo kama hicho akitaka kukipiga rangi upya, ubishi unaozuka si wa kuonekana. Watu wanabishana kama kirudishiwe rangi kilichotoka nayo kiwandani Mandello del Lario, Italia, kando ya Ziwa Como, au kipewe rangi ya mtu anayekiendesha leo kutoka Sinza kwenda Posta.

Wanaotetea rangi ya kiwandani wana hoja mbili: heshima kwa waliokibuni chombo, na thamani yake kikija kuuzwa. Wanaotetea rangi ya mwenyewe wana hoja moja tu, kwamba mali ni yake na pesa ni yake, ingawa ni hoja nzito kuliko inavyosikika. Naona pande zote mbili zinaruka jambo linaloamua mengi hapa kwetu. Rangi yoyote utakayopiga leo itakwaruzwa, pengine kabla ya mwaka kuisha, kwenye foleni ya Mwenge au kwenye maegesho ya Kariakoo. Siku hiyo nani atakupatia ile ile?

Tuwape kwanza haki yao watetezi wa kiwanda, maana hawasemi ovyo. Ziko pikipiki za Kiitaliano ambazo rangi ni nusu ya jina lake. Moto Guzzi V7 Sport ya 1971, kazi ya mhandisi Lino Tonti, za mwanzo kabisa zilikuwa na tanki la kijani cha ndimu juu ya fremu nyekundu. Mtajie mpenzi wa Guzzi fremu nyekundu tu, anajua unazungumzia nini. Laverda 750 SFC ni rangi ya chungwa, basi. Ducati waliitoa Mike Hailwood Replica mwaka 1979 ikiwa na nyekundu, kijani na nyeupe, kwa sababu Hailwood, bingwa wa mbio za pikipiki, alikuwa amerudi kwenye mbio za Isle of Man mwaka 1978 baada ya miaka mingi na kushinda akiwa juu ya Ducati. Ukiifuta rangi ile, umefuta sababu ya pikipiki yenyewe kutengenezwa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Ducati 750 SS ya 1974, iliyozaliwa na ushindi wa Paul Smart kwenye mbio za Imola mwaka 1972. Tanki lake ni la faiba, na ubavuni kuna mstari ulioachwa bila rangi, wa kupenyeza mwanga, ili dereva aone petroli imebaki kiasi gani. Mtu akiuziba mstari huo kwa kuwa haupatani na mchoro wake mpya, ameziba kipimo cha mafuta.

Lakini ngapi kati ya pikipiki kuukuu za Kiitaliano utakazokutana nazo ni V7 Sport au 750 SS? Nyingi ni za kawaida: Guzzi 850 T5 na V65, Ducati ndogo za silinda moja. Hizo zilipakwa rangi ambayo idara ya mauzo ya mwaka ule iliona itauzika, na mwaka uliofuata ikabadilishwa. Hata Guzzi Le Mans ya 1976, ambayo kila mtu huikumbuka kwa nyekundu, ilitoka pia katika buluu ya kijivujivu. Kusema V65 ya bluu ni dhambi kuifanya ya kijani ni kumwongezea mbunifu maneno ambayo hakuyasema.

Tena kuna jambo ambalo watetezi wa asili hulipita kimya. Rangi na kromu za viwanda vingi vya Italia miaka ya 1970 hazikuwa na sifa nzuri. Zilikuwa nyembamba na kutu iliziwahi, huku za Wajapani zikidumu. Anayerudisha pikipiki kwenye asili leo hatafuti rangi dhaifu kama ile. Anapiga 2K, ile inayochanganywa na hadna, kemikali ya kuigandisha iwe ngumu, na klia, tabaka angavu lisilo na rangi, juu yake. Kwa hiyo hata yeye anarudisha sura tu. Sura ina thamani, lakini asishike fimbo ya kuwachapa wengine.

Kwa maoni yangu mpaka uko mahali pengine: je, rangi ya kwanza bado ipo? Fungua kiti, vua vifuniko vya pembeni, chungulia chini ya tanki linapokutana na fremu. Chukua msasa laini wa maji, usugue kidogo mahali pasipoonekana. Tabaka zikijitokeza moja chini ya nyingine, rangi mbili tatu na puti katikati, basi chombo kilishapakwa na watu waliokutangulia, na hapo hakuna cha asili unachokilinda. Paka upendavyo. Ukikuta rangi moja juu ya praima ya kiwandani, hata kama imepauka na imechubuka magotini, mimi ningeiacha. Ningesafisha, ningezuia kutu, ningeng'arisha kwa polishi, na kuishia hapo. Rangi mpya unaweza kupiga wakati wowote. Ile ya kwanza, ukishaikwangua, hakuna gereji itakayokurudishia.

Hoja ya thamani nayo ina ukweli nusu. Ulaya, pikipiki adimu yenye rangi yake hupata bei nzuri, na mnunuzi hukagua mpaka skrubu. Dar wanunuzi wa Guzzi kuukuu ni wachache, na mnunuzi wa hapa atauliza kwanza kama inawaka, kama spea zinapatikana na kama kadi ni safi. Kumwambia mwenye V65 asipake rangi aipendayo kwa ajili ya mnunuzi wa Milano ambaye hatakuja ni kumnyima raha ya leo.

Sasa gereji. Rangi za magari zinachanganywa kwa kompyuta kwenye maduka ya Kariakoo na Ilala, na jiji hili ni jiji la Toyota. Mwenye duka ukimtajia namba ya rangi ya Toyota, 040, anajua ni nyeupe ipi. 202 ni nyeusi. 1F7 ni fedha. Mtajie kijani cha Guzzi ya 1971, atakutazama. Ataweza kukisia akiwa na kipande cha sampuli mkononi, na macho ya fundi mzuri yanakaribia sana, lakini kukisia kwa leo na kukisia kwa mwaka kesho havitalingana, na kwenye tanki ambalo kila mtu analitazama, tofauti ndogo inapiga kelele. Ndiyo maana ningemshauri anayechagua rangi yake mwenyewe aichague kutoka kwenye magari yanayopita barabarani hapa. Simama dakika kumi kando ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, utaona rangi inayokupendeza kwenye gari la mtu. Namba ya rangi hiyo iko kwenye kibati cha gari lenyewe, na dukani itapatikana tena na tena.

Kwa sababu hiyo hiyo siwapi moyo wanaotaka metaliki nzito, rangi za lulu, au zile zinazong'aa kama peremende kwa tabaka juu ya tabaka. Zinapendeza kweli jua la saa kumi likizipiga. Ila metaliki hubadilika kulingana na bunduki ya kupulizia rangi ilivyoshikwa, upepo wa kompresa na umbali wa mkono, kwa hiyo kiraka hakikubali kujificha. Ukikwaruza upande mmoja, tanki zima linapigwa upya. Rangi tupu isiyo na chembe za madini husamehe makosa. Nyekundu tupu nayo ina shida yake, maana nyekundu nyingi hupauka mapema kwenye jua kuliko nyeupe. Nyeusi ni ya heshima, lakini egesha tanki jeusi Posta saa saba mchana kisha ukae juu yake.

Hali ya hewa haibagui asili wala ubunifu. Wakati wa masika hewa imejaa maji. Tina inapokauka kwa haraka huupoza uso wa rangi, unyevu unatua juu yake, na rangi ya selulosi, ile ya zamani inayokauka kwa tina tu, inatoka na ukungu mweupe. Fundi makini atatumia tina ya kukausha polepole, au atakuambia usubiri hadi Juni, na ukimsikia akisema hivyo, mwamini. Ukikaa Kigamboni au Msasani, chumvi ya bahari itatafuta kila mkwaruzo. Hapo praima ya epoksi chini ni muhimu kuliko rangi yoyote ya juu. Na 2K ina sumu kwenye hadna yake inayoharibu mapafu. Kitambaa alichojifunga fundi puani hakizuii kitu. Barakoa yenye kichujio cha mvuke wa rangi, iliyo mpya na inayombana vizuri usoni, iwe sehemu ya bei mnayokubaliana, na hata hiyo isimfanye apige rangi ndani ya chumba kisicho na hewa.

Kuna kishawishi kimoja cha hapa kwetu ambacho kinastahili kujadiliwa kwa uzito: Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli, juu ya vibao vya hadibodi. Sanaa iliyoanza kwa rangi ya baiskeli kuhamia kwenye pikipiki kuna mantiki ndani yake, na anayesema ni ushamba hajui anachokidharau. Pingamizi langu ni la kifundi, halafu la macho. Rangi ile ya mafuta haistahimili petroli inayomwagika wakati wa kujaza, na klia ya 2K ikipigwa juu yake inaweza kuikunja kama ngozi ya maziwa, kwa hiyo msanii angelazimika kuchorea kwa rangi za gereji zinazopatana na klia. Kwa upande wa macho, tanki la Guzzi lina mikunjo yake, na twiga, chui na ndege wakilijaza lote, umbo linapotea. Mchoro huo ungekaa vizuri kwenye vifuniko vya pembeni: ni vidogo, vinafunguka kirahisi, na ukiuchoka unavining'iniza ukutani.

Bora zaidi, nadhani, ni kuazima kutoka kwenye khanga mpangilio wake badala ya maua yake: mji mtulivu katikati, pindo lenye nguvu pembeni. Tanki la rangi moja, limezungushiwa mstari mnene na mwembamba kandokando yake, linaonekana la hapa bila kutangaza. Waitaliano nao walizichora tanki zao kwa mistari, kwa hiyo hakuna atakayeona umelazimisha.

Fremu ningeiacha nyeusi, isipokuwa una V7 Sport ya kweli. Kuibadilisha kunadai kubomoa chombo chote, na rangi ya unga huokwa kwenye joto la nyuzi 180 hadi 200, kwa hiyo palipozibwa kwa puti hapatoki salama. Zaidi ya hapo, namba ya chesisi isije ikafukiwa chini ya tabaka nene. Askari au mkaguzi akishindwa kuisoma, utaanza kueleza mambo usiyoyatarajia. Rangi imeandikwa pia kwenye kadi ya usajili ya TRA. Ukitoka kwenye bluu kwenda kwenye nyeupe, kadi nayo ibadilishwe, na ulizia utaratibu kabla hujamlipa fundi.

Vespa ziko kwenye mjadala huu kwa mlango mwingine. Bodi ya bati ya Vespa ndiyo fremu yenyewe, tangu ile ya kwanza ya 1946, kwa hiyo kutu iliyofunikwa kwa puti na rangi nzuri si aibu tu bali ni hatari. Kwa hizo, pesa iende kwenye kukwangua na kuchomelea kwanza, na rangi iwe yoyote itakayobaki ndani ya bajeti.

Kama V65 iliyokwisha kupakwa mara tatu ingekuwa yangu, ningeipa nyeupe ya 040, pindo la kijani iliyokolea, fremu nyeusi, na nembo ya tai wa Guzzi ningeirudisha mahali pake. Kabla ya hapo ningemwomba fundi apige kipande cha bati kibovu, nikitazame juani na tena usiku chini ya taa za barabarani, maana rangi nyingi zilizosifiwa dukani zimekataliwa kwa mtihani huo. Rangi inayobaki, ile ambayo haijatiwa hadna, iingie kwenye kopo linalofunga vizuri, na namba yake iandikwe kwenye kopo lenyewe na siyo kwenye karatasi.